Kabla hujanunua betri mpya ya tela, tafuta nani aliiua ya zamani

Nimeua betri nne ndani ya miaka mitatu. Sisemi zimekufa, nasema nimeua, maana zote ziliingia kwenye tela langu zikiwa nzima.

Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Tela langu ni la kazi: mahema, meza, jiko la gesi, na friji ya lita 45 inayotumia volti 12. Nyama ya siku ya nne imo humo. Friji ikizima usiku Serengeti, hakuna bucha la kukimbilia asubuhi.

Betri mbili za kwanza zilikuwa N70 za gari, za maji. Bei ilinivutia, na kila duka la vipuri linazo. Lakini betri ya gari imeumbwa kupiga stata: itoe moto mwingi kwa sekunde chache, kisha altaneta irudishe kile kidogo kilichotoka. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiifanya ilishe friji usiku kucha mpaka inyonywe nusu na zaidi, usiku baada ya usiku, sahani zinamomonyoka. Nilianza nazo Juni. Septemba, tukiwa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, friji ilizima saa tisa usiku, na kulipokucha kuku hakuwa wa kuliwa na mtu.

Nikajifunza, au nilidhani nimejifunza. Nikanunua betri kavu mbili za AGM, Ah 100 kila moja (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), bei yake sitaki kuikumbuka. Hizo ndizo hasa za kazi ya kutoa moto polepole. Zikadumu miezi 14.

Nilikuwa tayari kwenda kugombana na muuzaji. Bahati nzuri nilipitia kwanza kwa fundi wa umeme wa magari. Hakugusa hata betri zenyewe. Aliniambia niwashe injini na friji, akapima kwenye betri ya gari: volti 14.2. Akaenda nyuma akapima kwenye tela: 13.1. Akacheka. "Bosi, hizi hazijafa kwa kazi. Zimekufa njaa."

Waya uliotoka mbele ya Land Cruiser mpaka kwenye tela ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, waya wa soketi za nyumbani, urefu wa karibu mita nane kwenda na nane kurudi. Volti zaidi ya moja ilikuwa inapotelea njiani. Betri ya risasi ili ijae inahitaji volti 14 na ushee, na muda mrefu. Isipojaa kwa wiki kadhaa, sahani zinaota ukoko mgumu wa chumvi ambao haung'oki tena, na ile Ah 100 inageuka 60, kisha 30. Mimi nilikuwa naendesha saa tano kwa siku nikiamini ninachaji.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu betri. Kabla ya kutoa hela, pima volti sehemu hizo mbili injini ikiwa inanguruma. Tofauti ikizidi nusu volti, hiyo betri mpya unayoitamani itakwenda kaburi lilelile. Badilisha waya, weka wa milimita za mraba 16 au zaidi, na fyuzi karibu na betri kila upande, kwa sababu waya mnene usio na fyuzi ukikwaruzwa na chasisi ni moto wa kweli. Mimi niliongeza na chaja ndogo inayokaa ndani ya tela, ambayo hupokea volti pungufu kutoka kwenye gari na kuzipandisha zifike zinakotakiwa.

Halafu kaa chini na kalamu. Friji yangu inakula kama ampea 4 kompresa ikizunguka. Ngorongoro, kwenye ukingo wa kreta, usiku wa baridi, haizunguki sana. Ziwa Eyasi, kwenye joto, inazunguka nusu ya siku: 4 mara 12 ni Ah 48. Taa za LED ni kama 5. Simu na betri za kamera za wageni, 12. Jumla 65 kwa siku. Betri ya risasi, ya maji au kavu, usiishushe chini ya nusu, basi kwa siku moja tu nahitaji 130. Ndiyo maana zangu mbili zilitosha kwenye makaratasi.

Sola inasaidia, paneli ya wati 160 kwenye jua zuri hunirudishia Ah 40 hivi kwa siku. Ila kuna mgogoro ambao haujapata suluhu kambini: friji inataka kivuli cha mgunga, paneli inataka jua. Usiifunge paneli juu ya paa la tela. Nunua ya kubeba, yenye waya mrefu.

Safari hii nimeweka lithiamu moja ya Ah 100, aina ya LiFePO4. Naishusha mpaka ibaki Ah 15 au 20 bila dhambi, na ina uzito wa kilo 12 hivi badala ya karibu 60 za zile mbili. Tela lenyewe linajisikia tofauti kwenye makorongo. Lakini usiiunge moja kwa moja na altaneta: betri hii ina njaa sana, inaweza kuichemsha altaneta mpaka iungue, hasa injini ikizunguka polepole gari limesimama. Ile chaja ndogo ya ndani ya tela ndiyo inayoizuia isivute zaidi ya ampea 20. Na usiisome kwa volti, kwani hukaa 13.2 karibu muda wote kisha huporomoka ghafla. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Je, kila mtu anunue lithiamu? Hapana. Kama tela lako linatoka mara tatu kwa mwaka na familia, AGM moja nzuri yenye waya mzuri inakutosha, mradi uiache imejaa kila ukirudi nyumbani.

Dukani, nenda na mizani. Usicheke. AGM ya Ah 100 ya kweli ina uzito wa kilo 28 hadi 30; ukiambiwa 100 na mizani inasema 19, risasi haimo. Angalia pia kama hizo Ah zimepimwa kwa kuimaliza betri ndani ya saa 20 au polepole ndani ya saa 100, kwa sababu betri ileile ikipimwa kwa saa 100 huonekana kubwa zaidi. Soma tarehe ya kutengenezwa, betri ya risasi iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuota ule ukoko. Na ukinunua mbili za kuunganisha, zitoke boksi moja siku moja. Kuukuu itaivuta mpya chini.

Zile AGM zangu zilizokufa bado ziko kibandani kwa mlinzi. Moja inawasha taa moja mpaka saa sita usiku, kisha inalala kabla yake.