Ingia Mashindanoni Kabla Hujajiona Tayari

Nikikutana na mtu anayependa sataranji, yule anayecheza kila usiku kwenye simu na ameshawamaliza ndugu na marafiki zake wote, huwa namwuliza kama ameshawahi kucheza mashindano. Jibu ni lile lile: bado, nasubiri nifike kiwango fulani kwanza. Ushauri wangu ni kwamba usisubiri. Mashindano ya sataranji yamepangwa kwa namna inayompa nafasi hata mgeni aliye dhaifu, na hicho kiwango unachokingoja kinapatikana humo humo ndani.

Tazama wachezaji wanavyokutanishwa. Mashindano mengi ya ridhaa hutumia mfumo wa Uswisi, ambao ulianza kutumika Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Unacheza hadi raundi ya mwisho, na kila raundi unapewa mpinzani mwenye pointi sawa na zako au zinazokaribiana nazo. Tuseme mko 40. Mnapangwa kwenye orodha kwa kiwango, yaani namba inayoonyesha nguvu ya mchezaji, halafu raundi ya kwanza nusu ya juu inakutana na nusu ya chini: wa 1 na wa 21, wa 2 na wa 22, mpaka wa 20 na wa 40. Mgeni asiye na kiwango yuko mkiani mwa orodha, kwa hiyo raundi ya kwanza anakabidhiwa mtu aliyemzidi mbali, na mara nyingi anapigwa. Raundi ya pili anakutana na aliyepigwa kama yeye. Kufikia raundi ya tatu au ya nne, watu wa uwezo mmoja wameshaanza kukutana. Nimewaona wageni wakichukua mabegi yao na kuondoka baada ya mchezo wa kwanza, wakiamini wameonyeshwa kwamba hapo si mahali pao. Inaniuma kila mara, kwa sababu mashindano yao hasa yalikuwa bado hayajaanza.

Jambo la pili linalotisha watu ni namba. Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilianza kutumia mfumo wa viwango wa Arpad Elo mwaka 1970, na tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa kwenye orodha yake ni 1400. Ili upate kiwango cha kwanza unahitaji angalau michezo 5 dhidi ya watu ambao tayari wana viwango, na si lazima yote iwe ya mashindano mamoja. Ukitoka na sifuri katika mashindano yako ya kwanza, matokeo yale hayahesabiwi kabisa. Baada ya hapo, hadi utimize michezo 30, namba yako inasogea kwa kasi: ukimshinda mtu wa kiwango sawa na chako unapanda pointi 20, ukishindwa unashuka 20. Ndiyo maana namba ya mchezaji mpya haisemi mengi. Mtu anayekuzidi kwa pointi 200 za kiwango anatarajiwa kuvuna pointi za mchezo kama 76 katika kila michezo 100 mtakayocheza. Maana yake wewe unatarajiwa kuvuna 24, na kila sare unayompokonya inakulipa. Kwa hiyo ukipangwa na mkubwa, furahi.

Na asikuambie mtu kwamba mchezaji wa ridhaa ni mgeni katika nyumba ya wengine. FIDE yenyewe ilizaliwa Paris tarehe 20 Julai 1924, pembeni ya mashindano yaliyochezwa na watu wa ridhaa. Mwaka 1928 ubingwa wa dunia wa ridhaa ulichukuliwa na Max Euwe, mwalimu wa hisabati kutoka Uholanzi. Mwaka 1935 mwalimu huyo huyo akamvua Alekhine ubingwa wa dunia wenyewe, na baadaye, kuanzia 1970 hadi 1978, akawa rais wa FIDE.

Sasa sheria. Unayecheza kwenye simu unazijua sheria za kete, lakini za mezani hujawahi kuzihitaji, maana simu haikuruhusu kufanya kosa. Mezani, ukigusa kete yako kwa makusudi unaicheza. Ukigusa ya mpinzani unaila, kama inalika kihalali. Kama unataka tu kuiweka sawa katikati ya mraba wake, iwe ni zamu yako, na useme kwanza kwamba unarekebisha, kisha ndipo uguse. Jizoeze nyumbani kukaa na mikono chini ya meza unapofikiri. Ni zoezi dogo sana, lakini limeokoa michezo mingi kuliko ufunguzi wowote, yaani mpangilio wowote wa hatua za mwanzo, ninaoufahamu.

Ukimaliza hatua unabonyeza saa ya mchezo, ili muda wa mpinzani uanze kuhesabiwa, kwa mkono ule ule uliosogeza kete. Hata ile hatua ya mfalme na ngome kusogea pamoja hufanywa kwa mkono mmoja, ukianza na mfalme. Ukicheza hatua isiyo halali na kubonyeza saa katika mchezo mrefu, mpinzani anaongezewa dakika 2. Ukirudia mara ya pili, kwa kawaida umeshindwa. Ukitaka kupendekeza sare, cheza hatua yako, tamka, halafu bonyeza saa, kwa mpangilio huo. Na likitokea lolote usilolielewa, simamisha saa umwite mwamuzi. Wageni wengi huona haya kumwita, wakidhani ni ugomvi au ni kumshtaki mwenzao. Si hivyo hata kidogo. Mwamuzi yupo kwa ajili hiyo, na wachezaji wakongwe humwita bila kufikiri mara mbili.

Simu izime kabisa na uiache mahali wanapoelekeza waandaaji. Usianzishe mjadala juu ya hilo.

Anza na mchezo mrefu, ule wa dakika 60 au zaidi kwa kila mchezaji. Watu hukimbilia ule wa dakika 5 kwa sababu unaisha upesi, lakini katika mchezo mrefu ndimo unapogundua unafikiri vipi. Tena humo unalazimika kuandika kila hatua, yako na ya mpinzani. Kama kuna nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, utaandika hadi mwisho. Karatasi ile itunze. Mimi huandika pia, kila baada ya hatua kadhaa, dakika zilizobaki kwenye saa yangu. Nikiisoma baadaye naona wazi ni wapi nilitumia muda mwingi, na kwa kawaida ni pale pale nilipokuwa sina mpango.

Lakini kama ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu: mchezo ukiisha, usiondoke. Mpe mpinzani mkono, sainini karatasi, kisha mwombe mkae mahali pengine mpitie mchezo pamoja kwa sauti ya chini. Mara chache sana utakataliwa. Nakumbuka mzee mmoja niliyemshinda kwa tabu. Alipanga tena kete zote kwa kumbukumbu mpaka hatua ya 23, akaniangalia, akauliza, "Hapa ulikuwa unaogopa nini?" Nikamwambia nilikuwa naogopa farasi wake aingie mraba wa d5, na nimetumia dakika nyingi kumzuia. Akashangaa. Hakuwa amemfikiria farasi yule hata mara moja. Yeye muda wote alikuwa anahangaika na askari wake wa upande wa mfalme, ambao mimi sikuwa na habari nao. Tulikaa meza moja kwa saa tatu, kila mtu anapigana na hofu yake. Programu kama Stockfish ingetuonyesha hatua bora kwa sekunde moja, na ni nzuri kwa kazi hiyo, lakini haiwezi kukuambia mtu wa mbele yako alikuwa anawaza nini. Kwa hiyo zungumzeni kwanza, kompyuta mkaiwashe nyumbani.

Hicho ndicho kipimo changu cha klabu pia. Usiangalie ina mabingwa wangapi. Nenda jioni moja ukatazame kama walioshindwa wanabaki kuzungumza na walioshinda, na kama kuna mtu mzoefu anayekaa na mgeni bila kuombwa. Angalia watoto wanavyotendewa. Kwenye mashindano ya wazi utapangwa na mtoto wa miaka kumi, na huenda akakupiga vizuri tu. Mpe heshima ile ile, pitia naye mchezo, usimtafutie visingizio mbele yake. Klabu inayowaheshimu watoto itakuheshimu na wewe unayeanza ukubwani.

Ukishacheza mashindano mawili matatu, jitolee. Karibu kila klabu inabebwa na watu wachache wanaopanga meza, kuweka saa sawa, kukusanya matokeo na kubandika orodha ya raundi inayofuata, na watu hao huchoka. Mwombe mwamuzi akuache umsaidie siku moja. Ukizunguka kati ya meza ishirini huku ukitazama michezo bila kuruhusiwa kusema neno, utajifunza sheria kwa namna ambayo kitabu hakikupi, na utaanza kuona jinsi mtu anavyokaa dakika chache kabla hajapoteza mchezo aliokuwa anaushinda: muda unamwishia, ameacha kuandika, na mkono tayari uko juu ya kete.