Hopsi Zilizotumika: Ipi Irudi Sufuriani na Ipi Itupwe

Ukianza kupika bia nyumbani hapa Nairobi, bei ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, itakushtua mapema. Mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi, kama za Ujerumani au kaskazini mwa Marekani. Huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima, kwa hiyo shayiri tunalima wenyewe, hopsi tunaagiza. Kuzitumia tena si ubahili hata kidogo, ila uliza kwanza zilitumikaje.

Uchungu wa bia hutokana na asidi za alfa, na asidi hizo haziingii vizuri kwenye bia mpaka zichemshwe zibadilike umbo. Hopsi ulizotia baridi, kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, zimeacha harufu yake humo lakini sehemu kubwa ya asidi bado zinayo. Hizo usitupe. Zilizochemka saa nzima hubaki na kitu pia, ila hukadirii ni kiasi gani, na majani yakichemshwa mara mbili hutoa ukakasi unaong'ang'ania ulimini. Mimi hizo huzipeleka kwenye mboji.

Wazee wanaotengeneza pombe ya muratina hukausha tunda la muratina na kulitumia tena kwenye pombe inayofuata, kwa sababu limebeba hamira. Hopsi haziko hivyo. Harufu ikishatoka haijirudishi, kwa hiyo usizitie baridi mara ya pili ukitarajia bia inukie. Kazi iliyobaki ni ya uchungu tu.

Tangu mwanzo zifunge kwenye mfuko wa kitambaa safi, hasa zikiwa tembe, maana tembe hugeuka tope na kuchanganyika na hamira chini ya ndoo. Kisha panga kupika bia ya pili siku ile ile unayohamisha ya kwanza. Mfuko utoke kwenye ndoo uende sufuriani, maji ya kimea yanapoanza kuchemka. Moto utaua hamira na vijidudu. Ukishindwa, ukamue mfuko, ufunge pasipo hewa na uuweke kwenye friza mara moja. Ukiuacha jikoni, hopsi zitaanza kunuka jibini kuukuu, na bia itanuka vivyo hivyo.

Usizipime zikiwa zimelowa, utakuwa unapima maji. Andika uzito wake zilipokuwa kavu. Kama zilikuwa gramu 60, mimi huzihesabu kama 30 za uchungu, na pengo najazia kwa hopsi mpya. Onja, uandike, urekebishe safari ijayo. Kumbuka pia Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo uchungu hutoka polepole kuliko vitabu vinavyosema. Palipoandikwa dakika 60, mimi hufika 90. Na hopsi zilizotoka kwenye bia nyeusi zirudishe kwenye bia nyeusi.

La mwisho nalisema kwa uzito wote: hopsi ni sumu kwa mbwa, mpya au zilizotumika. Joto la mwili hupanda ghafla na mbwa anaweza kufa kwa saa chache. Mboji yako iwe na kifuniko kizito au uzio, mlinzi na majirani wa ploti waambiwe, na mbwa akizila mkimbize kwa daktari wa mifugo papo hapo, bila kungoja dalili.