Hema lipimwe usiku wa tatu

Usiku wa kwanza mlimani kila hema ni zuri. Limetoka nyumbani kavu, wewe mwenyewe bado una nguvu ya chapati ulizokula asubuhi, na likidondosha tone mbili tatu mnacheka. Asubuhi unalikunja na maji yake, unalitia kwenye begi, unapanda nalo kwa muda wa saa sita. Usiku wa pili unalifungua likiwa limelowa, unalala hivyo hivyo, unalikunja tena. Usiku wa tatu ndio unaosema kweli.

Mimi nakaa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mlima Elgon tunauona kutoka barazani siku ambazo mawingu yameamua kutuonea huruma, na nadhani ndiyo sababu niliudharau. Safari yangu ya kwanza ya siku nyingi tulianzia Budadiri kwa njia iitwayo Sasa, tukalala kambi ya mto Sasa, kisha Mude kwenye mita kama 3,500, tukapita kilele cha Wagagai (mita 4,321) na kuendelea upande wa kaldera, lile shimo pana la volkano kule juu, ili tuteremkie Sipi. Hema langu lilikuwa la rangi mbili, zuri kwa macho, fito za faiba, yaani nyuzi za kioo. Aliyeniuzia aliapa kwamba halipitishi maji. Sikumuuliza kwa usiku ngapi.

Usiku huo wa tatu upepo ulianza kama saa tatu. Saa tano ufito mmoja ulipasuka, mlio wake kama mtu kavunja kuni, na ncha yake ikatoboa kitambaa cha nje. Niliushika kwa mkono mpaka mkono ukafa ganzi. Mwenzangu alikaa upande wa pili akishikilia kona, na kila tukitikisika maji ya darini yanatumwagikia. Kiongozi wetu, mzee wa Kisabiny wa upande wa Kapchorwa, alikuja na tochi, akamulika, akatazama kidogo.

"Mwalimu," aliniambia, "hema lako umelielekeza upepo kifuani. Lipe mgongo."

"Sasa hivi, mzee?"

"Sasa hivi tunaleta mawe. Kugeuza ni kesho."

Tangu siku hiyo nimebadilisha mahema mara tatu, na haya ninayoandika nimeyalipia.

Anza na fito kabla ya kitambaa. Faiba ni rahisi kununua, lakini ikipinda kupita kiasi haipindi tena, inapasuka vijiti vijiti vyenye ncha. Alumini hupinda kwanza, na ufito uliopinda bado unasimama. Ukivunjika, kuna kijibomba kifupi cha alumini unachouvisha juu ya mvunjiko, unafunga tepu pande zote mbili, unalala. Kijibomba hicho huja na mahema mengi na watu wengi hukiacha nyumbani wakidhani ni cha ziada. Kisha tazama fito zinakutana wapi. Hema la fito mbili zinazovukana mara moja juu linatosha kwa kulala kando ya mto kule chini. Zikivukana mara mbili au tatu, upepo unapata kazi kubwa zaidi ya kulipindisha. Na hema fupi ni bora kuliko refu. Najua kila mtu anataka kusimama wima akivaa suruali, lakini huko juu suruali huvaliwa ukiwa umelala, na unazoea.

Kwenye lebo utaona namba kama 1,500 au 3,000, zikifuatwa na milimita. Maana yake ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla maji hayajapita: 3,000 ni safu ya mita tatu. Kwa kitambaa cha juu 1,500 kwenye hema lililotengenezwa vizuri inastahimili mvua nyingi, maana tone halikai pale, linateleza. Sakafu ndiyo inayohitaji namba kubwa, kwa kuwa ukipiga goti juu ya ardhi iliyolowa uzito wako wote unasukuma maji kupitia nukta moja. Hapo usikubali chini ya 3,000. Lakini namba hizo ni za kitambaa kipya. Hazikwambii lolote kuhusu mishono, na mahema mengi yanavuja kwenye mshono, si kwenye kitambaa.

Hili la mishono nililijua kwa ujinga wangu. Hema la pili lilichanika kwenye mwiba tukiwa Karamoja, kule Moroto, ambako shida si mvua bali vumbi, upepo wa mchana na miiba ya mgunga inayopenya hata soli ya kandambili. Nikalipeleka kwa fundi cherehani, akalishona vizuri kama koti la harusi. Kila tundu la sindano likawa bomba. Baada ya kushona lazima upake gundi ya mishono kwa ndani, ikauke siku nzima. Na gundi zenyewe hazilingani: kitambaa kilichopakwa silikoni kinakubali gundi ya silikoni tu. Nyingine yoyote itabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

Ukinunua kwenye mitumba, na kwenye soko la Owino, Kampala, nimewahi kupata hema zuri kuliko yote ya dukani niliyoyaona, usilitazame likiwa limekunjwa. Liombe lifunguliwe. Pitisha kiganja upande wa ndani wa kitambaa cha juu na kwenye sakafu. Kikinata kama kimemwagiwa soda, ondoka. Kisha nusa. Utando wa poliyurethani, ule uliopakwa kuzuia maji, ukianza kuoza hutoa harufu ya kuchacha, unaidhania ni matapishi ya mtoto, na muuzaji atakwambia ni harufu ya stoo. Si ya stoo. Hema hilo liliwekwa likiwa na maji, na joto la huku kwetu limemaliza kazi. Hakuna sabuni ya kulirudisha. Harufu ikiwa safi, vuta zipu zote mara kumi kumi, kwa kuwa zipu iliyokufa mlimani ni mlango usiofungika.

Kuhusu ukubwa niseme kwa kifupi: hema lililoandikwa la watu wawili ni la watu wawili waliopangwa kama mukene, dagaa wetu, kwenye gunia. Sisi wawili tunatumia la watatu, lina kilo tatu kasoro kidogo. Mmoja anabeba fito na vigingi, mwingine kitambaa. Kuna wanaoona uzito huo ni mwingi. Sawa, lakini kwa safari ya siku tano kwenye mlima ambako mvua hunyesha alasiri nyingi, mabegi yakilala nje na yenyewe yatalowa, na begi lililolowa ni zito kuliko hema.

Sasa jambo ambalo sijasikia muuzaji yeyote akilitaja. Uliza hema linasimamishwa kwa kuanzia wapi. Mengi husimama chumba cha ndani kwanza, kile chenye neti, halafu ndipo unatupia kitambaa cha nje juu yake. Kwenye picha ya boksi jua linawaka. Kwenye Elgon unafika kambini saa tisa mvua ikinyesha, na dakika tano unazohangaika na fito, chumba cha ndani kinajaa maji kama beseni. Unalala humo. Tafuta hema ambalo la nje husimama kwanza, au yote mawili yameunganishwa yanasimama pamoja. Unaingia chini ya paa, unavua koti pale kizingitini, ndipo unaning'iniza chumba kikavu. Hilo moja lingetuokoa mimi na mwenzangu kuliko kitambaa cha bei yoyote. Mbinu ndogo inayoambatana nalo: asubuhi kunja chumba cha ndani kikiwa bado chini ya paa, kitie kwenye mfuko wake wa nailoni, na paa lililolowa lisafiri peke yake, nje ya begi ikiwezekana.

Jizoeze nyumbani. Mara ya kwanza nilipolisimamisha uani, jirani mmoja alikuja ameshika kanga kichwani, sauti chini, akaniuliza nani ametutoka. Kwetu hema uani ni matanga au ni sherehe, na alijua hatuna binti wa kuozwa. Nilimkaribisha aingie alione, akasema hata maiti angelalamika. Lakini siku hiyo ndipo nilipogundua vigingi vilikuwa vimepungua viwili.

Mahali pa kulisimamisha panadanganya sana. Baada ya kutembea kutwa macho yanatafuta ardhi laini na tambarare, na ardhi laini na tambarare mlimani mara nyingi ni pale ambapo maji hujikusanya. Tazama nyasi. Zikiwa zimelala upande mmoja na zina matope kwenye shina, mto wa jana ulipita hapo. Panda hatua ishirini. Sehemu za mabondeni zina adhabu nyingine pia: hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama chini, na ndani ya kaldera asubuhi utakuta sakitu nyeupe juu ya nyasi huku walioweka hema kwenye mwinuko mdogo wameamka na umande wa kawaida. Kwenye ukanda wa mianzi na misitu, angalia juu kabla ya kuangalia chini. Tawi kavu halitoi taarifa.

Chagua upande mwembamba wa hema, ulioinama zaidi, uutazame upepo. Mlango uwe upande wa pili. Kigongee kwanza kile kigingi cha upande wa upepo, ndipo unyanyue mengine, la sivyo utalikimbiza hema lako kama kuku siku ya sikukuu. Kigingi kiinamie mbali na hema, kichwa chake kibaki karibu na ardhi, kamba ikae chini kabisa kwenye shingo yake. Udongo wa Elgon ni wa volkano, mlaini, na vile vigingi vyembamba vya waya vinavyokuja na hema vinang'oka kama karoti. Nunua virefu vyenye umbo la V. Mahali pa mwamba ambapo hakuna kinachoingia, funga kamba kwenye jiwe dogo, juu yake weka jiwe kubwa lisiloteleza. Kule Rwenzori kwenye vinamasi vyake, kigingi kinazama kama kwenye uji, na ndiyo sababu moja ya mimi kulala kwenye vibanda vya njia ile bila kuona haya.

Kamba zote zifungwe hata kama jioni imetulia. Nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo hema ulilolikaza saa kumi na moja litakuwa linaning'inia saa mbili. Kabla ya kulala toka, zunguka, kaza tena. Poliesta hulegea kidogo tu, na hilo ni jambo la kuzingatia ukiwa dukani. Mimi kwenye kamba za upande wa upepo huongeza kipande cha tyubu ya baiskeli, ule ule mpira ambao bodaboda hufungia matoke. Upepo ukipiga, mpira unavutika badala ya mshono. Mzee wa Kapchorwa alipouona alicheka, safari iliyofuata nikaukuta kwenye hema lake.

Kosa lingine lililonipata: nilitandika turubai chini ya hema, nikaliacha lijitokeze pande zote kama kitambaa cha meza. Mvua ikateremka kwenye paa, ikatua juu ya turubai, ikajiendea taratibu chini ya mgongo wangu. Turubai liwe dogo kuliko sakafu, kingo zake zote zifichwe. Wala usichimbe mfereji kuzunguka hema kama walivyotufundisha shuleni. Unaijeruhi ardhi ya hifadhi, na ukishachagua mahali vizuri mfereji hauna kazi.

Ukiamka ukakuta matone yananing'inia ndani, usikimbilie kusema hema linavuja. Pangusa kwa kidole. Mara nyingi ni pumzi zenu wenyewe zimegonga kitambaa baridi zikageuka maji. Hema limetoka jasho. Dawa yake ni kuacha matundu ya hewa ya juu wazi, hata baridi ikiuma. Watu hufanya kinyume, wanaziba kila kitu wapate joto, wanaamka wamelowa. Na kuna wanaofikia kuingiza sigiri yenye makaa. Tafadhali. Kaboni monoksaidi haina harufu, na kitambaa kisichopitisha maji hakipitishi hewa vya kutosha. Aliyelala nayo haamki kulalamika. Jiko likae nje hata kama chai itachelewa.

Mkirudi, msilale kwanza. Najua mwili unataka nini ukiteremka Sipi baada ya siku tano. Lakini hema likikaa kwenye begi siku mbili tu na joto la huku bondeni, ukungu unaanza kuota, na mwisho wake ni ile harufu ya Owino. Langu linaanikwa kivulini kwenye kamba ya nguo, kwa kuwa jua kali nalo hula kitambaa, sakafu ikitazama juu, zipu wazi, mpaka mishono ikauke kabisa maana ndiyo ya mwisho kukauka. Halilali kwenye mfuko wake wa kubana, linalala kwenye foronya kuukuu juu ya kabati. Jirani yangu sasa hata haulizi. Akiliona limeanikwa anajua nimerudi, anatuma mtoto kuulizia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani.