Bolti za milimita nane zisizoingia, na kifundo cha kioo kilichopotea

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nimenunua MG TD ya 1951, gari la wazi la Kiingereza, nusu imefungwa, nusu imo kwenye maboksi. Bolti kadhaa za injini hazipo. Nilipima, nikaona ni za milimita nane, nikanunua mpya za kipimo hicho. Zinaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha zinagoma. Ajabu nyingine, zile chache za zamani zilizobaki hazikubali spana namba 13, na namba 14 inacheza. Rafiki yangu ananishauri nipitishe tapu, kile chombo cha kukatia nyuzi za bolti ndani ya tundu, kwenye matundu yote ili bolti za kawaida ziingie. Pia kifundo cha kukazia kioo cha mbele cha upande wa kushoto kimepotea, cha kulia kipo. Je, nichape kingine kwa printa ya 3D?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kwanza kabisa, weka tapu chini. Ukiipitisha umeharibu nyuzi ambazo pengine ni nzima tangu gari litoke kiwandani, na chuma ulichokiondoa hakirudi.

Injini yako, XPAG ya cc 1250, ina historia yake. Mwaka 1923 Morris alinunua kiwanda cha injini cha Hotchkiss, kampuni ya Kifaransa iliyokuwa na karakana Coventry. Mashine zake zilikuwa za vipimo vya milimita, na injini za Morris zikaendelea kukatwa nyuzi za milimita miaka mingi baadaye, ingawa Uingereza nzima ilikuwa inatumia inchi. Ili mafundi wa Kiingereza wasilazimike kununua spana mpya, vichwa vya bolti vikafanywa vya kipimo cha Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza wa inchi. Ndiyo maana spana zako zinakukataa: kichwa cha bolti hiyo kwa kawaida kina upana wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3 hivi. Tafuta spana ya Whitworth iliyoandikwa 1/4W.

Sasa nyuzi. Bolti ya milimita nane ya dukani ina hatua ya 1.25, yaani kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni milimita 1.25. Ya XPAG ina hatua ya 1.0. Chukua bolti mojawapo ya zamani, isugue kwa brashi ya waya mpaka nyuzi zionekane safi, kisha pima kwa kalipa kutoka kilele cha uzi mmoja hadi kilele cha uzi wa kumi baada yake. Ukipata milimita 10, ndiyo yenyewe. Ukipata 12.5, kuna mtu aliyekutangulia na tapu ya kisasa. Ukipata 11.5, umeshika BSF ya inchi 5/16, bolti ya Kiingereza ya nyuzi za karibukaribu, ambayo imejaa kwenye chesisi ya gari hilo hilo. Na ukipata karibu 10.6, hiyo ni UNF ya inchi 5/16, ya mfumo wa inchi uliokuja baadaye, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: hatua yake inakaribiana sana na ya XPAG, kwa hiyo inaingia mizunguko kadhaa kabla ya kukaza, na mwenye papara humalizia kwa nguvu. Unene wa zote nne ni karibu sawa, milimita 7.94 au 8.0. Kupima unene peke yake hakukwambii lolote. Pima bolti zote zilizobaki moja moja, uzifunge kwenye mifuko yenye maandishi.

Wauzaji wa vipuri vya MG za zamani wanazo bolti hizi zenye kichwa sahihi, na ningeanza huko. Zikikosekana, zinatengenezeka. Tafuta bolti ndefu ya BSF ya 5/16, yenye shingo ndefu isiyo na nyuzi. Kichwa chake ndicho hicho hicho cha 13.3. Kata sehemu yenye nyuzi uitupe, kisha kwenye shingo iliyobaki mpe mkereza akate nyuzi mpya za 8 kwa 1.0. Shingo ya milimita 7.94 inatosha kabisa kwa nyuzi hizo. Matokeo ni bolti ambayo hata mjuzi wa magari haya hataitilia shaka. Chagua chuma chenye nguvu, wala usishawishike na bolti za chuma cha pua, kisichoshika kutu, kwa sababu ya kung'aa: nyingi ni dhaifu kuliko chuma cha daraja la nguvu la 8.8, na zina tabia ya kung'ang'ania ndani ya nyuzi. Vipande vya usukani na breki usivitengeneze kwa njia hii hata kidogo. Hivyo hununuliwa kwa muuzaji anayewajibika kwa ubora wake.

Kuhusu skrubu ndogo za vifaa vya umeme, nyingi ni za BA, mfumo mwingine tena wa Kiingereza. 2BA ina unene wa milimita 4.7 na hatua ya 0.81. Skrubu ya kisasa ya milimita 5 ina hatua ya 0.8, hivyo hung'ata vizuri huku ikitafuna tundu. Kifaa cha umeme kikikosekana chote, angalia cha aina hiyo hiyo kwenye gari lingine: Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza, walipiga mhuri wa namba na mara nyingi mwezi na mwaka kwenye bodi ya kifaa, na vifaa vyao walivifunga pia kwenye magari ya familia, matrekta na pikipiki. Namba ikilingana, hujali kimetoka kwenye nini.

Tuje kwenye kifundo. Printa itumie, lakini kwa kujaribia tu. Plastiki ya kawaida ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na gari la wazi lililoegeshwa juani linafika huko. Chapa nakala ya kile cha kulia, kifunge upande wa kushoto, uone kama kinakaa na kama mkono unakishika vizuri. Hakikisha pia mwelekeo wa nyuzi kwenye skrubu yenyewe ya upande wa kushoto. Jozi ya kushoto na kulia si lazima zikazwe upande mmoja, kama wanavyojua wenye magurudumu ya spoki yenye nati moja ya katikati.

Ukiridhika, kitengeneze kwa shaba ya manjano. Kama umbo lake ni la mviringo, mkereza atakitoa kwenye kipande cha shaba moja kwa moja. Kama kina mabawa, kisubiwe, na hapo mfano uwe mkubwa kidogo kuliko kifaa, kwa sababu shaba husinyaa ikipoa kwa takriban asilimia 1.5. Kwenye kifundo cha milimita 30 hiyo ni karibu nusu milimita, na kusugua kutapunguza tena. Nyuzi zikatwe baada ya kusubu, si kabla.

Halafu kipeleke kipakwe nikeli, kisha kromu. Mng'ao mwingi unaouona ni wa nikeli. Kromu iliyo juu yake ni utando mwembamba sana. Peleka na kile cha kulia vipakwe pamoja, la sivyo rangi zitatofautiana na jicho litaona kila ukiketi. Mwambie fundi wa kupaka azibe tundu la nyuzi, maana nikeli ikijaa humo kifundo hakitaingia, na utajikuta unashika tapu ile ile tena.