Unga wa karela na manjano unaweza kuiamsha misuli ipokee insulini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 52, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Nina kisukari, natumia metfomini na glibenklamidi. Jirani ameniletea unga wa karela, lile tunda chungu, na manjano, anasema unaiamsha misuli ipokee insulini. Ni kweli? Naweza kuacha vidonge?

Jibu: Marahaba mama. Vidonge usiache, na unga huo usiuanze kabla hujauonyesha kwa anayekutibu.

Habari ya misuli jirani hakuibuni. Misuli ndiyo mlaji mkubwa wa sukari ambayo insulini huiondoa kwenye damu. Insulini ikishika kipokezi chake, protini ziitwazo GLUT4 hutoka ndani ya seli, hupanda kwenye utando wa nje na kuingiza glukosi, yaani sukari ya damu. Mafuta yakilundikana ndani ya msuli, ujumbe huo huvurugika, GLUT4 hubaki ndani na sukari hubaki kwenye damu. Maabarani, kemikali za karela, na kukumini iliyomo kwenye manjano, zimeamsha AMPK, kimeng'enya kinachopima nishati ya seli, katika seli za misuli ya panya, glukosi ikaingia. Utafiti huo naufuatilia kwa matumaini.

Lakini pale seli zililowekwa kwenye kemikali yenyewe. Kukumini unayokula hufyonzwa kidogo, na hiyo kidogo huvunjwa haraka utumboni na kwenye ini. Inayofika msulini ni chembe. Sisemi mimea haina dawa. Metfomini unayomeza ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ila kila kidonge kina kiasi kinachojulikana. Kijiko cha unga hakina.

AMPK hiyo hiyo huamshwa na msuli unaojikunja, na GLUT4 hupanda bila kungoja insulini. Kwa hiyo ukishamaliza ugali wa mchana, usirudi kukaa kwenye meza ya dagaa. Tembea kwanza, hata robo saa. Kama kwako ni mlimani, Bugarika au Mabatini, kule kupanda ni tiba pia, ukipanda taratibu. Nafuu yake yaweza kudumu hata siku ya pili.

Hofu yangu ni glibenklamidi. Hulisukuma kongosho litoe insulini hata sukari ikiwa chini, na karela nayo yaweza kuishusha zaidi. Ukitokwa jasho la ghafla, ukitetemeka, moyo ukienda mbio, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe hapo hapo, upime baada ya dakika 15. Isipopanda, rudia, kisha uende hospitali na mtu wa kukusindikiza.