Penne, rigatoni, tagliatelle: maswali yenu kuhusu majina ya pasta

Nyumbani tuna majina mawili tu, makaroni na tambi. Haya mengine nianzie wapi?

Anzia mwisho wa neno. Kiswahili hupunguza na kukuza vitu mwanzoni: mto na kijito, mtu na jitu. Waitaliano huyafanya hayo mkiani. Spago ni kamba nyembamba ya kufungia, basi spaghetti ni vijikamba. Ukiona -ini, -ine, -etti au -ette, tegemea kidogo. Ukiona -oni, tegemea kikubwa. Kwa hiyo spaghettini ni nyembamba kuliko spaghetti, na spaghettoni ni nene zaidi. Mzizi nao hutaja kitu ambacho pasta hiyo imefanana nacho: farfalle ni vipepeo, conchiglie ni makombe ya baharini, linguine ni vijilimi, na orecchiette za kule Puglia ni vijisikio. Shika moja hapo ukiwa na pasta mkononi, utaona jina linajileta lenyewe.

Penne na rigatoni zote ni mirija. Nazitofautishaje?

Tazama ncha. Penne hukatwa mshazari, kama kalamu ya unyoya iliyochongwa. Penna ni unyoya, na ni kalamu pia. Mwaka 1865 Giovanni Battista Capurro, mtengenezaji pasta wa karibu na Genoa, alipata hataza ya mashine ya kuikata hivyo bila kuiponda. Rigatoni hukatwa wima, ni pana zaidi na zina michirizi.

Kwenye pakiti za penne utakuta pia rigate, yaani zenye michirizi, au lisce, yaani laini. Mimi nakushauri rigate, maana mchuzi hushika kwenye michirizi.

Fettuccine na tagliatelle je?

Hizi ni ndugu, na kwa macho tu wengi huzichanganya. Zote ni mikanda bapa, na kwa desturi unga wake hukandwa kwa mayai. Fettuccine ni za Roma, tagliatelle ni za Bologna. Watu wa Bologna wanazijali kiasi kwamba mwaka 1972 kipimo chake kilisajiliwa katika chemba ya biashara ya mji: upana wa milimita 8 zikishapikwa.

Nilinunua vermicelli za Italia nipike tambi za sukari, nikakuta nene. Nimeuziwa siyo?

Hapana, umeuziwa sawasawa. Vermicelli maana yake ni vijiminyoo, na Italia huwa nene kidogo kuliko spaghetti. Huku kwetu jina hilo huandikwa kwenye pakiti za tambi nyembamba, zile za nazi na iliki. Mara nyingine tafuta capellini, vijinywele, uzivunjevunje kabla ya kuzikaanga. Hizo ulizonunua zipikie mchuzi wa nyanya.

Naona aibu kuyatamka hotelini.

Usione aibu, sisi tuna bahati: irabu zao zinakaribiana sana na zetu. Gn ni ny yetu, kwa hiyo gnocchi ni nyoki. Ch ni k, ilhali ci na ce ni chi na che: fettuccine, fetuchine. Gli husikika kama ly: tagliatelle, talyatele. Herufi iliyoandikwa mara mbili ivute kidogo, hasa kwenye penne. Sema pen-ne, kwa sababu pene yenye n moja ni uume.