Kisanduku "kimefungwa na data"?

SWALI: Ninatafsiri mwongozo wa kutengeneza violesura vya wavuti, yaani kurasa anazoziona na kuzitumia mtumiaji. Sura moja inaeleza jinsi sehemu za kujazia kwenye fomu zinavyoshikanishwa na data: mtumiaji akiandika jina, data inabadilika papo hapo, data ikibadilika, jina lililo kwenye fomu nalo linabadilika. Niliandika "kisanduku cha jina kimefungwa na data." Mwenzangu alipoisoma rasimu akauliza kwa nini mtumiaji anazuiwa kuandika jina lake. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwenzako amesoma sawasawa. Maneno matatu tu, "kimefungwa na data", yana mitego miwili.

Wa kwanza ni "funga". Najua ulikokuwa unaelekea: mzigo hufungwa kwa kamba, kitu kikashikana na kingine. Lakini kwenye skrini kitenzi hiki kimeshapewa kazi. Kitufe cha "Funga" huondoa dirisha, akaunti iliyofungwa haiingiliki, na fomu iliyofungwa haipokei tena majibu. Sasa unamtaka msomaji yuleyule aelewe kwamba kisanduku kilichofungwa ndicho hasa kinachopokea anachoandika! Tena fikiria utakapotaka kueleza kuuvunja uhusiano huo. Utasema "fungua"?

Mtego wa pili umejificha zaidi, nao ni "na". Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtenda: barua imeandikwa na katibu, timu imefungwa na wageni. Kwa hiyo "kimefungwa na data" humwambia msomaji kwamba data ndiyo iliyokifunga kisanduku. Ungebadilisha kitenzi peke yake, ukaandika "kimeunganishwa na data", utata huo ungebaki palepale.

Ninachopendekeza ni "fungamana". Si neno la kubuni. Magazeti yamelitumia miaka mingi kwa nchi zisizofungamana na upande wowote, zile zilizofanya mkutano wao wa kwanza wa wakuu mjini Belgrade mwaka 1961. Mzizi ni uleule wa "funga", ila "-mana" hugeuza tendo kuwa hali ya vitu viwili kukaa pamoja, kama katika "shikamana" na "andamana". (Usijaribu kuipachika popote: hakuna "somamana" wala "pikamana".) Andika basi "kisanduku cha jina kimefungamana na data." Hakuna kutendwa, hakuna mtenda wa kutafutwa, na "na" inarudi kwenye maana yake ya pamoja.

Ukitaka kutaja kazi ya mwandishi wa msimbo (maagizo yanayoendesha programu), tumia "fungamanisha", na uitumie katika kauli ya kutenda: "fungamanisha kisanduku cha jina na data ya mteja." Epuka "kimefungamanishwa na data", maana hapo mtego wa pili unarudi kwa mlango wa nyuma. Kuuvunja uhusiano ni "kutenganisha", basi.

Wapo watakaosema "unganisha" ni fupi na limezoeleka. Kuzoeleka huko ndiko kunakonitia shaka: tunaunganisha kifaa na intaneti, tunaunganisha programu na hifadhidata, na mwongozo wako bila shaka unayataja yote hayo. "Ambatisha" nalo limechukuliwa na mafaili ya barua pepe.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini utakutana nalo kurasa chache mbele. "Fungamana" hudokeza pande mbili zinazoathiriana, na ndivyo ulivyoeleza kwenye swali lako. Ila si kila sehemu ya kujazia iko hivyo. Mara nyingine data hujaza kisanduku tu, na anachoandika mtumiaji hakirudi kwenye data mpaka msimbo mwingine ukichukue. Wengine huandika "kufungamana kwa njia moja". Inaeleweka, ingawa masikioni mwangu ni kama kusema kupendana kwa mtu mmoja. Mimi ningeandika "kisanduku kinafuata data." "Fuata" lina mwelekeo ndani yake: kuna anayetangulia na anayekwenda nyuma, na msomaji hahitaji kuongezewa neno la kumwonyesha upande.